Kabla Hujabadilisha Pikapu za Gitaa Lako

Mtu akinunua gitaa la umeme la bei nafuu, baada ya miezi michache huanza kulalamikia mambo yale yale: linavuma, sauti ni nyembamba, linakatakata waya ukiguswa, na toni ikizungushwa inakwaruza. Ushauri atakaopewa na wenzake nao ni ule ule: badilisha pikapu. Basi atajinyima, atamtumia pesa ndugu aliye Dubai au Guangzhou amletee seti ya pikapu zenye jina kubwa, atazifunga, na wiki haiishi kabla hajagundua kwamba gitaa bado linavuma na waya bado unakatakata. Pikapu za mwanzo hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mbele yake kwenye njia ya sauti, katika vipande ambavyo ukivijumlisha bei yake vyote havifikii hata robo ya gharama ya pikapu.

Ushauri wangu ni kuifuata sauti hatua kwa hatua, kutoka kwenye uzi hadi kwenye spika, uone inapotelea wapi, ndipo utoe pesa. Mfano nitakaotumia ni gitaa la umbo la Stratocaster, kwa sababu magitaa mengi ya bei nafuu yanayofika madukani kwetu ni ya umbo hilo: pikapu tatu za koili moja, swichi ya hatua tano, voliumu moja na toni mbili. Mwenye gitaa la pikapu za koili mbili, zile ziitwazo hambaka, atapita njia hiyo hiyo, na panapotofautiana nitasema.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sisi tunaopiga muziki wa dansi, rumba, benga na nyimbo za kwaya kuliko kwa mpigaji wa roki. Yeye akikanyaga pedali ya distoshani, kasoro nyingi zinafunikwa. Gitaa la solo la kwetu hupigwa safi, halina pa kujificha. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au za Nico Kasanda na African Fiesta: kila noti imesimama peke yake, inang'aa, hata pale magitaa matatu yanapopigwa kwa pamoja. Mng'ao huo ni sauti za juu, na sauti za juu ndizo za kwanza kupotea kwenye vifaa dhaifu.

Anza nje ya gitaa. Chukua kebo nyingine unayoiamini na amplifaya nyingine, ujaribu gitaa hilo hilo. Kebo ina tabia ya kumeza sauti za juu, na kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyomeza zaidi. Ya mita 3 iliyotengenezwa vizuri itakupa mng'ao ambao ya mita 10 haitakupa. Kisha tazama unachomeka wapi. Makanisani na katika kumbi nyingi gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na hapo ndipo magitaa mengi mazuri husingiziwa ubovu. Pikapu ya kawaida haina betri. Nguvu yake ni ndogo sana, kwa hiyo inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1, kama ulivyo mlango wa amplifaya ya gitaa. Mlango wa laini wa mikisa mara nyingi una ukinzani wa kiloomu 10 au makumi machache tu. Ukichomeka hapo, mikisa inaielemea pikapu, na unachosikia ni gitaa lililozibwa mdomo. Dawa yake ni kisanduku cha DI kati ya gitaa na mikisa, au kitufe cha ala kilichoandikwa Hi-Z kama mikisa yako inacho. Nimeona kamati ya kwaya ikijadili kununua gitaa jipya wakati kilichohitajika ni kisanduku hicho kimoja.

Na kabla hujagusa chochote, kagua umeme wa ukumbini. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa kwa waya hadi kwenye bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi hiyo inategemea ethi ya ukutani ili iwe salama. Sasa fikiria tunavyofanya kila siku: plagi imekatwa mguu wa ethi, au plagi ya miguu miwili imelazimishwa kuingia kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu. Amplifaya itawaka na itatoa sauti. Lakini bodi yake haina pa kumwaga umeme unaovuja, na njia iliyobaki ni mwili wako pindi midomo inapogusa maikrofoni iliyounganishwa kwenye mfumo mwingine wenye ethi. Watu wamekufa jukwaani kwa namna hiyo, katika nchi nyingi. Chukua mita, iweke kwenye volti za umeme wa AC kwenye kipimo cha juu, ncha moja gusisha uzi wa gitaa, nyingine gusisha chuma cha maikrofoni. Pakiwa salama utaona sifuri au kitu kidogo sana. Ukiona volti makumi, usiimbe na usipige. Mwite fundi umeme kwanza. Na amplifaya yenyewe usiifungue kama si fundi wa kazi hiyo, maana kapasita za ndani hushika umeme mkali hata plagi ikiwa imechomolewa.

Ukishaondoa wasiwasi huo, sikiliza gitaa bila kulifungua. Fungua voliumu na toni zote mpaka mwisho, simama mbali kidogo na amplifaya, usiguse nyuzi. Usikie mvumo ulivyo. Sasa weka kiganja juu ya nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ethi unafika kwenye daraja kama inavyotakiwa, na kilichopungua ni kinga ya ndani ya gitaa. Ukibaki vile vile, pengine waya wa daraja umekatika. Ukiongezeka na kuwa kelele kubwa, kuna mtu aliwahi kulifungua akageuza nyaya mbili za jeki, na nyuzi zako sasa ziko upande wa sauti badala ya upande wa ethi. Halafu geuka taratibu na gitaa lako, kulia na kushoto. Mvumo unaopanda na kushuka kadiri unavyogeuka unaingia kwa njia ya sumaku, kutoka kwenye transfoma au nyaya za umeme zilizo karibu, na huo hautibiwi kwa karatasi ya shaba, nitaueleza baadaye. Ukumbi ukiwa unatumia sola, ujue pia kuwa inveta za bei ya chini hutoa umeme wenye wimbi lisilo laini, unaoleta mlio mkali kwenye kila amplifaya. Jaribu gitaa mahali pengine kabla ya kulihukumu.

Sasa leta mita kwenye gitaa lenyewe. Multimita ya kawaida, ile ya bei ndogo inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, inatosha kabisa. Chomeka kebo kwenye gitaa, na upande wa pili wa kebo weka ncha moja ya mita kwenye nukta ya mbele ya plagi, nyingine kwenye shina lake. Weka kipimo cha ukinzani cha 20K, voliumu ikiwa imefunguliwa yote. Kisha pita hatua moja moja za swichi ukiandika namba kwenye karatasi. Pikapu ya koili moja kwa kawaida itasoma kati ya kiloomu 5 na 7, na hambaka kati ya 7 na 9, ingawa zilizosukwa kwa nguvu hufika hata 16. Kwenye hatua ya pili na ya nne, ambako pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, namba inashuka hadi karibu nusu. Hilo si ubovu. Ndivyo inavyokuwa vitu viwili vikiungwa sambamba.

Namba zisizo za kawaida ndizo zinazosema mengi. Sifuri wakati voliumu imefunguliwa yote maana yake waya wa sauti umegusa ethi mahali fulani. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, usiseme haraka kuwa pikapu imekufa. Sogeza kipimo hadi 2M utazame tena. Ukiona namba inayokaribia kiloomu 250, au 500 kwenye gitaa la hambaka, hiyo ni potensiomita ya voliumu yenyewe inayosomeka: njia kutoka voliumu hadi jeki ni nzima, na kilichokatika kiko nyuma yake, kwenye swichi au kwenye pikapu. Ikiwa hata kwenye 2M hakuna kitu, basi waya umekatika mbele, kwenye jeki au kwenye kebo. Kwa kipimo hicho kimoja, bila kufungua hata skrubu moja, umeshajua nusu ya kazi yako.

Kisha ncha moja ya mita kwenye shina la plagi, nyingine kwenye uzi. Hapo unatafuta sifuri, au omu moja na nukta. Ukikosa, fungua kifuniko cha nyuma cha gitaa, kile kinachoficha springi. Utaona kipande cha chuma kilichoshika springi hizo, na waya mmoja umechomewa juu yake, au ulichomewa zamani na sasa unaning'inia. Kwenye magitaa ya bei nafuu sehemu hiyo huachia mara kwa mara, kwa sababu chuma kile ni kinene, kinataka joto jingi, na kiwandani hakikupewa muda wa kupata joto la kutosha.

Ukifungua sehemu ya mbele, piga picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote, kwa pembe mbili tatu, rangi za nyaya zionekane. Halafu tazama jeki, kwa maana kwa uzoefu wangu jeki ndiyo inayosumbua kuliko kitu kingine chochote ndani ya gitaa. Ni chombo rahisi: pete ya chuma inayoshika shina la plagi, na ulimi uliopinda unaobana nukta ya mbele. Plagi ikiingia unatakiwa usikie mlio wa kubana. Jeki za bei ya chini zina ulimi mwembamba unaochoka haraka, na nati yake hulegea, kisha mpigaji anaikaza kwa nje kwa vidole. Kila anapokaza, jeki nzima inazunguka ndani na kusokota nyaya mpaka mmoja unakatika. Shika jeki kwa ndani unapokaza nati kwa nje. Ulimi ukiwa umelegea, uurudishe ndani kidogo kwa koleo ndogo. Ukiwa umechakaa, nunua jeki mpya nzito. Switchcraft ya Marekani ni chaguo la miaka mingi na haigharimu sana. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hicho.

Pwani kuna adui mwingine. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, hewa yenye chumvi inaweka ukungu wa kutu kwenye kila chuma kisichopakwa vizuri. Utaona ulimi wa jeki umekuwa na rangi ya kijani kibichi, nao unakatakata hata kama umebana. Kitambaa chenye spiriti na msasa laini kabisa vitausafisha kwa muda. Dawa ya kusafishia vifaa vya elektroniki, ile ya kupuliza, ni bora zaidi, na utaihitaji pia kwenye voliumu na swichi. Usitumie mafuta ya kulegezea skrubu zilizoshika kutu; yanaacha utando unaokusanya vumbi, na kukwaruza kutarudi kukiwa kubaya zaidi.

Tazama sasa maungio ya risasi, moja baada ya jingine. Mengi ya magitaa mapya yamechomewa kwa risasi isiyo na madini yenyewe ya risasi, ambayo ikipoa huwa na sura ya kufifia, kwa hiyo kutong'aa peke yake si dalili ya ubovu. Tafuta tone lililokaa juu ya chuma bila kusambaa, au lenye ufa mwembamba unaozunguka waya. Vuta kila waya taratibu kwa kibano. Unaotikisika ndani ya tone lake unahitaji kuchomewa upya.

Kuchomea si kazi ya kuogopa, ila ina adabu zake. Tumia chuma cha kuchomea chenye wati 40 hadi 60. Vile vidogo vya wati 25 vinafaa kwa nyaya nyembamba, lakini mgongo wa potensiomita unavishinda, na wewe utakaa pale ukikandamiza mpaka ndani kuungue huku risasi haijashika. Nunua risasi ya kazi za redio, yenye utomvu ndani, unene wa karibu milimita 0.8. Kamwe usitumie dawa yenye asidi ya mafundi bomba. Kwangua kwanza mahali pa kuchomea kwa msasa, pasha chuma cha potensiomita pamoja na waya kwa sekunde tatu au nne, ndipo uguse risasi kwenye chuma chenyewe, si kwenye ncha ya kifaa chako. Itatiririka yenyewe. Ondoa joto, usitikise waya mpaka itulie. Funika rangi ya gitaa kwa kitambaa kizito, fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula. Kama hujawahi, fanya mazoezi kwanza kwenye redio mbovu. Na kama mtaani kwako kuna fundi redio mwenye mkono mtulivu, mpelekee yeye pamoja na picha na maelezo. Kazi hii kwake ni ya dakika chache.

Tukifika kwenye potensiomita zenyewe, ndipo uboreshaji wenye maana unapoanza. Voliumu imeungwa kati ya sauti na ethi, na siku zote inavujisha kidogo sauti za juu hata ukiifungua yote, kama bomba lenye tundu dogo. Ukinzani ukiwa mdogo, tundu ni kubwa zaidi. Pikapu za koili moja zina ukali wa asili, kwa hiyo huwekewa 250K ili zilainike. Hambaka ni nzito zaidi, hupewa 500K ili zibaki na uhai. Viwanda vya bei nafuu wakati mwingine hufunga zilizopo stoo. Soma maandishi ya mgongoni au pembeni: herufi A hutangulia zile ambazo sauti yake hupanda kwa namna sikio linavyoipokea, B ni zile ambazo ukinzani wake hupanda sawasawa. Ukikuta hambaka zimefungiwa 250K na gitaa lina usingizi, umeshapata jibu la bei rahisi kuliko pikapu mpya.

Usiamini maandishi peke yake. Potensiomita iliyoandikwa 250K inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20, hivyo inaweza kuwa 200 au 300. Chomoa waya wa mguu mmoja wa pembeni, pima miguu miwili ya pembeni, utajua ukweli wake. Kisha pima mguu wa kati na ule wa upande wa ethi ukiizungusha polepole kutoka sifuri. Namba ipande bila kuruka. Katikati ya mzunguko, ya B itasoma karibu nusu. Ya A itasoma kidogo tu, kama moja ya kumi au moja ya tano. Jambo hili linawapotosha wengi wanaonunua kwenye maduka ya spea za redio, ambako nyingi ni za B. Ukifunga B kwenye voliumu, mabadiliko mengi utakayoyasikia yatajikusanya upande mmoja mdogo wa mzunguko, na mpigaji wa solo anayetaka kushuka kidogo nyuma ya mwimbaji hataweza.

Kabla ya kununua, pima pia miili. Zile ndogo za kiwandani zina kipenyo cha karibu milimita 16 na shingo ya milimita 7 au 8. Zile kubwa za aina ya CTS zina kipenyo cha milimita 24 na shingo ya milimita 9.5, kwa hiyo tundu la bamba litabidi lipanuliwe. Shina nalo lina meno, na meno ya Marekani ni membamba kuliko ya Asia, hivyo kifundo chako cha plastiki kinaweza kukataa kuingia. Kwa maoni yangu, ndogo zilizo nzima na zinazozunguka kwa ulaini hazina sababu ya kutolewa. Zisafishe kwa dawa ya kupuliza, zizungushe mara nyingi kwenda na kurudi, uziache.

Kuhusu kapasita ya toni, watu hutumia fedha nyingi kwa imani. Kinachobadilisha sauti ni kiasi chake. Iliyoandikwa 473 ni mikrofaradi 0.047, nayo inakata sauti za juu nyingi. 223 ni 0.022, inakata kwa upole. Iwe ya kauri ya bei ya chewingamu au ya mafuta ya zamani inayouzwa kwa bei ya nyuzi seti kumi, zikiwa na kiasi kilekile, ukumbini zitasikika sawa. Ya thamani zaidi kwa mpigaji wa dansi ni kapasita nyingine ndogo, 102, yaani mikrofaradi 0.001, inayochomewa kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa voliumu, sambamba na rezista ya 150K. Inazuia sauti za juu zisifie unapopunguza voliumu. Ukirudi nyuma ya waimbaji, gitaa linashuka bila kuzama.

Swichi pia inastahili jicho. Stratocaster ya kwanza, mwaka 1954, ilikuwa na swichi ya hatua tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiibana katikati ya hatua mbili unapata sauti laini ya pikapu mbili, na mwaka 1977 Fender wakaanza kuweka ya hatua tano. Magitaa ya bei nafuu yana swichi iliyofungwa ndani ya kijisanduku cha plastiki, ambayo haisafishiki vizuri. Ikikatakata, ibadilishe kwa ile iliyo wazi ya chuma, lakini pima kwanza kina cha shimo la mbao, kwa sababu miili ya baadhi ya magitaa haya ni myembamba na swichi kubwa itagota chini.

Hapo kwenye swichi kuna uboreshaji mmoja ambao sichoki kuwapendekezea wapiga solo. Katika muunganisho wa asili wa Stratocaster, toni ya kwanza ni ya pikapu ya shingoni, ya pili ni ya katikati, na pikapu ya darajani haina toni yoyote. Wakati ndiyo tunayoitumia usiku kucha! Ndiyo maana inachoma masikio. Kwenye swichi ya wazi, tazama upande ule ambako nyaya za toni zimefika: kuna mguu wa toni ya katikati na kando yake mguu wa darajani usio na kitu. Unganisha miguu hiyo miwili kwa kipande cha waya cha sentimita mbili. Toni ya pili sasa inatawala pikapu ya darajani pia, na unaweza kuupunguza ukali bila kupoteza mng'ao. Baadhi ya magitaa mapya huja yakiwa hivyo tayari, kwa hiyo jaribu kwanza kwa sikio.

Mvumo unaobaki baada ya ethi kuwa sawa unatibiwa kwa kinga. Mbao hazizuii mawimbi ya umeme, kwa hiyo shimo lote lenye nyaya linatakiwa kuvikwa shaba. Karatasi ya shaba yenye gundi ndiyo nzuri. Bandika chini na kuta zote, pandisha midomo kidogo nje ili iguse karatasi iliyobandikwa nyuma ya bamba la mbele, na unganisha vipande kwa matone ya risasi, maana gundi ya karatasi nyingi haipitishi umeme. Pima kwa mita kutoka kona hadi kona. Kisha waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi mgongoni mwa voliumu. Foili ya jikoni nayo inafanya kazi, ila haishiki risasi. Ikunje miisho ili chuma kiguse chuma, na waya wake ubanwe kwa skrubu na washa. Funika kwa utepe sehemu zote ambako miguu ya swichi au jeki inaweza kugusa shaba, la sivyo utafunga gitaa likiwa bubu.

Ujue tu mipaka ya kazi hiyo. Kinga ya shaba huzuia kelele zinazoingia kwa njia ya umeme. Ule mvumo wa hezi 50 unaoingia kwa sumaku na kubadilika unapogeuka utabaki, kwa sababu pikapu ya koili moja imeumbwa kuupokea. Kwa huo, tumia hatua ya pili na ya nne ikiwa pikapu yako ya katikati imesukwa kinyume na wenzake, kwani mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Ndiyo kanuni ile ile ya hambaka, ambayo Seth Lover aliibuni Gibson katikati ya miaka ya 1950.

Sasa, ikiwa yote hayo yamekaa sawa na bado huridhiki, zungumza kuhusu pikapu. Hata hapa kuna hatua ya bure: bonyeza uzi wa chini na wa juu kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na chuma cha pikapu. Milimita 2 upande wa besi na 1.6 upande wa nyuzi nyembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu iliyozama sana inatoa sauti dhaifu, iliyopanda sana inapiga kelele bila mpangilio. Pindua skrubu nusu mzunguko, piga, sikiliza, rudia, mpaka pikapu tatu zilingane kwa nguvu.

Zikiwa bado hazikufurahishi, ziangalie kwa chini. Nyingi za bei nafuu zina bapa la sumaku ya kauri lililobandikwa chini ya vijiti vya chuma. Zinatoa sauti ngumu, kali, yenye nguvu. Zile za mtindo wa zamani hutumia vijiti ambavyo vyenyewe ni sumaku za alniko, na sauti yake ni ya mviringo na yenye pumzi zaidi, hasa gitaa likipigwa safi. Kwa rumba na dansi ningechagua alniko bila kusita. Lakini si lazima ununue tatu. Pikapu moja nzuri ya darajani itabadilisha gitaa la mpiga solo kuliko seti nzima ya bei ya kati, na mpiga ridhimu aanze na ya shingoni. Usichague kwa kulinganisha namba za ukinzani. Namba kubwa inaashiria waya mwingi au mwembamba, na pikapu yenye waya mwingi mara nyingi hupoteza ule mng'ao tunaoutafuta. Pima umbali kati ya kijiti cha kwanza na cha sita, kwa sababu za darajani hukaribia milimita 52 na za shingoni hushuka hadi 50 au 48, na kifuniko chako kinaweza kukataa.

Ukiichanganya pikapu mpya na za zamani, jaribu hatua ya pili na ya nne mapema, bamba likiwa bado halijafungwa skrubu zote. Sauti ikiwa nyembamba ghafla, kana kwamba besi imetolewa, pikapu mbili zinavutana kinyume. Geuza nyaya mbili za ile mpya: uliokuwa kwenye swichi uende kwenye ethi, wa ethi uje kwenye swichi. Ikiwa ina kifuniko cha chuma kilichoungwa kwenye waya wa ethi, itenganishe kwanza na kifuniko hicho na ukiwekee waya wake peke yake, vinginevyo kila ukigusa kifuniko gitaa litavuma. Ndipo upime tena hatua zote tano kwa mita, ulinganishe na karatasi uliyoandika mwanzo, na ufunge.